Nilivyomwandika Konsolata

Mnaniuliza Gisenyi palikuwaje, najibu "baridi," halafu nabadilisha mazungumzo. Mama Happy amefikia kunitania kwamba nimeolewa huko na nimemficha bwana. Jumapili iliyopita Rehema akachoka nami kabisa, akaniambia kama huwezi kusema basi andika, tusome wenyewe. Haya, nimekaa chini. Habari za fomu, viza na barua za chuo naziruka kwa sababu hazina mtu ndani yake. Nitawaeleza njia, watu na chakula, kama mnavyopenda. Lakini nawaambia mapema: katika safari hii kuna mwanamke aliyepoteza nyumba kwa sababu yangu. Msije mkacheka hadi katikati halafu mkasema nimewavizia.

Morogoro hadi Isaka

Nilipanda treni na begi moja la nguo na jingine la makaratasi. Mwenye shule ya kiangazi niliyokuwa naiendea Gisenyi, Profesa Adjara, mama wa Kikameruni, alikuwa ametutumia wanafunzi wake makala za kusoma kabla ya kufika, na mimi kwa kiherehere changu nilizibeba zote. Zilinivunja bega. Njia ya reli ni moja, kwa hiyo tulikaa kwenye kituo kidogo kupita Dodoma karibu mchana kutwa, tukingoja treni ya mizigo ipite. Pale Saranda nilikula kuku wa kukaanga, mkavu kidogo lakini mtamu, pamoja na viazi vilivyonichoma ulimi kwa pupa yangu.

Jirani yangu kwenye behewa alikuwa mama wa Kasulu, mwenye sauti ya kuita mifugo. Aliniuliza nakwenda kusomea nini. Nikamweleza: masomo ya jinsia, namna jamii inavyogawa kazi, mali na heshima kati ya wanawake na wanaume. Alitikisa kichwa akionyesha kuelewa, kisha akatangazia behewa zima kwamba hapa kuna nesi wa mambo ya wanawake. Jamani, walikuja. Mmoja na mgongo unaouma tangu ajifungue, mwingine na kadi ya kliniki ya mtoto, mwingine akitaka kujua kama vidonge vya kuzuia mimba vinanenepesha. Nilikana, wakadhani naringa. Mwisho nikaisoma ile kadi ya kliniki kwa sauti na kumwambia mwenye mtoto kwamba uzito umepanda vizuri, akafurahi sana. Yule mama wa Kasulu akaniuliza mwenyewe nina watoto wangapi.

Nikasema mmoja. Akauliza yuko wapi, nikasema nyumbani. Ninyi mnajua Baraka yuko wapi, maana mlisimama nami pale siku ya kumlaza, akiwa na miezi minne. Lakini sikuweza kusema "sina," na kusema "amefariki" mbele ya wanawake wale wote na watoto wao mapajani sikuweza vilevile. Nilijifanya nimelala.

Isaka hadi Rusumo

Kutoka Isaka nilipata nafasi mbele kwenye lori la unga, kati ya dereva na mzee mmoja aliyekuwa akirudi Rwanda baada ya kukaa Tanzania karibu maisha yake yote. Lori lilikatika springi tukiwa hatujafika Ngara. Tulilala hapo, tukashinda hapo, tukala wali na maharage kwa mama mmoja aliyeweka chumvi kama anaihifadhi kwa ajili ya mjukuu. Yule mzee hakulalamika hata mara moja. Alinifundisha kusalimia Kinyarwanda, nami nikawa nakosea makusudi ili acheke.

Tukafika kwenye daraja la Rusumo. Maji yanaanguka pale kwa kishindo, ya rangi ya udongo. Kila mtu wa upande wetu anakumbuka miili ambayo mto huo uliileta mwaka ule wa mauaji. Dereva alizima redio bila kuambiwa na tukavuka polepole. Upande wa pili mzee alishuka, akachota mchanga kidogo kwa vidole, akautazama, kisha akaurudisha chini na kupangusa mkono kwenye suruali.

Kigali hadi Gisenyi

Kigali nilipokewa na Assumpta, ambaye mtamsikia sana humu. Ni mwanafunzi mwenzangu wa shule ileile ya kiangazi, Mnyarwanda aliyezaliwa na kusomeshwa Karagwe, amerudi na wazazi wake miaka michache tu iliyopita. Kiswahili chake ni chetu kabisa, mpaka matusi. Alinipeleka kula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na hapo nikagundua jambo: mhudumu aliponisikia naongea Kiswahili alikwenda jikoni, akarudi kunihakikishia kwamba mbuzi alichinjwa na Mwislamu. Nikamwambia mimi Mlutheri. Akasema ndiyo, usiwe na wasiwasi mama, Mwislamu kabisa. Assumpta alicheka hadi akashika meza. Akanieleza kwamba kwao anayeongea Kiswahili siku nzima ni ama Mwislamu, ama mfanyabiashara, ama askari, na mimi sikufanana na askari.

Safari ya kwenda Gisenyi ilichelewa. Mapigano ya huko kaskazini yalikuwa yametulia lakini si ya kusahaulika, na magari yalisubiri yaambiwe njia ni salama. Karibu na Ruhengeri tulishushwa, tukasimama kwenye baridi ya mawingu huku askari wadogo kwa umri wakipekua mabegi. Mmoja alifungua lile la makaratasi. Akatoa makala moja, akaigeuza, akamuuliza Assumpta hizi ni za nini. Assumpta akamwambia ni za kujifunza maisha ya wanawake. Yule kijana akauliza, kwa upole tu, kwani mama zenu hawakuwaambia? Akafunga begi. Nilitabasamu wakati ule.

Shuleni, kando ya ziwa

Gisenyi ni pazuri, hilo sikuwadanganya. Ziwa Kivu liko hapo chini ya miguu, milima nyuma, volkano inafuka moshi upande wa Goma, ng'ambo Kongo, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Tulikaa kwenye nyumba ya wageni ya watawa, vitanda vyembamba, blanketi mbili kila mtu. Tulikuwa ishirini na kidogo, kutoka nchi sita au saba. Kifaransa changu mnakijua. Nilikuwa natabasamu panapostahili kununa.

Profesa Adjara alikuwa mwalimu wa kweli, sitamsema vibaya. Alitufundisha jioni, na kuanzia asubuhi kila mwanafunzi alipangiwa mwanamke mmoja wa hapo akae naye, afanye naye kazi, asikilize, kisha aandike simulizi ya maisha yake. Alitusisitizia mambo mawili. La kwanza, jina na mahali vibadilishwe ili mtu asijulikane. La pili, mtafiti asijifiche nyuma ya karatasi, naye ajiandike humo, aseme yeye ni nani na amebeba nini moyoni. Niliyaandika yote mawili kwa kalamu nyekundu.

Mimi nilipangiwa Konsolata.

Rubona na Rugerero

Konsolata aliuza sambaza, vidagaa vya ziwani, pale bandarini Rubona. Mjane, umri kama wangu, mwembamba, na alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba anapima kama utamaliza chakula. Mwanawe, Aline, alikuwa na miaka mitano. Asubuhi mashua ziliingia, wanawake wanashindania ndoo, na upepo ukigeuka harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia inafunika hata ya samaki. Konsolata alinipa beseni dogo, lile la wanaojifunza. Nilimwaga siku ya kwanza, njia nzima, na wauza samaki wenzake wakanipa jina la Kinyarwanda ambalo Assumpta alikataa kunitafsiria.

Nyumba yake ilikuwa Rugerero, kwenye shamba la ukoo wa mumewe. Mume alifia ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi nje ya Goma, mwaka wa kipindupindu. Konsolata alirudi na kitoto mgongoni, na wakwe wakampa vyumba viwili na vipande vya viazi na maharage alime. Kwa desturi ya pale, mjane mwenye mtoto wa marehemu anabaki kumlea kwenye ardhi ya baba yake. Asiye na mtoto anarudi kwao. Konsolata kwao hakukuwa na mtu tena, isipokuwa dada mmoja aliyeolewa Goma. Watu walikuwa wanaongea juu ya sheria mpya ya urithi ambayo ingewapa hata mabinti, lakini ilikuwa bado inajadiliwa Kigali, na Rugerero walikuwa wanaendelea kama walivyozoea. Kwa hiyo mkielewa hili mmeelewa yote: paa lile, viazi vile, vilimshikilia Konsolata kwa sababu ya Aline tu.

Na Aline alipendwa. Mama mkwe, bibi kizee mwenye mguu mbovu, alikuwa anamkalisha mapajani na kumpapasa paji la uso, akimwambia kila apitaye kwamba hili ndilo paji la mwanangu, Mungu alinirudishia kipande. Alisema sokoni, alisema kanisani, mimi nilimsikia mara tatu kwa siku moja. Wifi mtu, Spesioza, naye aliuza samaki Rubona, meza ya tatu kutoka kwa Konsolata. Alikuwa mama mkimya na mkarimu, ndiye aliyeniokotea sambaza zangu siku ile nilipomwaga.

Siku ya nne tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukichambua samaki waliobaki. Konsolata akaniuliza lile swali la kwenye treni. Nikajibu mmoja, na safari hii, sijui kwa nini, nikaongeza kwamba yuko kaburini. Halafu nikalia, jamani, nililia na mikono inanuka samaki, siwezi hata kujifuta. Tangu tumzike Baraka sikuwa nimelia hivyo mbele ya mtu. Konsolata hakunishika. Aliendelea kuchambua, akaniambia kwa Kiswahili chao cha pale:

"Usilie, dada. Mi pia niko na mumoja kwa udongo. Ule nilizala mu kambi, alitoka amekufa. Bwana yangu alikuwa amekufa siku tatu mbele. Basi mi nikalala, nangojea na mi nikufe. Asubuhi nasikia mutoto analia pembeni ya barabara, mama yake iko chini, haamuke tena. Mi niko na maziwa, mutoto iko na njaa. Nilimubeba. Ndo huyu Aline."

Nilimtazama. Aline alikuwa anacheza na vichwa vya samaki karibu na mlango, akivipanga kama wanafunzi darasani.

"Hakuna mutu anajua," akasema. "Bibi anasema ni paji ya mutoto wake. Muache aseme. Mi nakuambia we ili uone mutoto anaweza kutoka hata pembeni ya barabara."

Alinipa dawa, rafiki zangu. Ndivyo ilivyokuwa. Alitoa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu ili mimi nisilie, na nikaacha kulia. Tukaosha mikono, tukala zile sambaza za kukaanga na vichwa vyake, na nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata miezi mingi.

Kwenye daftari sikuandika kitu siku hiyo. Hilo angalau nijitetee nalo.

Karatasi

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa juu ya bei ya sambaza, ndoo, nani anabeba na nani anauza. Profesa Adjara aliirudisha akasema imeandikwa vizuri na haina mtu. Wenzangu walikuwa wanasomeana kurasa zao na kunyamaza kwa uzito. Mkenya mmoja alimliza hata mpishi. Mimi nilitoka Morogoro nimejibebea begi zima la makaratasi, nikaonekana nimekuja kuhesabu ndoo. Niliwaonea wivu, nisiwafiche.

Basi nikaandika upya. Niliandika juu ya mama ambaye umama wake hautokani na tumbo, bali na kuinama barabarani na kubeba. Nilijiambia namheshimu. Na nilibadilisha kila kitu, nilihakikisha. Konsolata nilimwita Mariya. Rubona nikaifanya Kibuye. Sambaza nikazifanya nyanya! Nilijiona hodari kwa zile nyanya. Nikajiandika na mimi humo, kama tulivyofundishwa, na Baraka, na kaburi lake. Lakini lile paji la uso nililiacha. Bibi anayepapasa paji la mtoto na kusema Mungu alinirudishia kipande. Lilikuwa zuri mno kulitoa.

Konsolata sikumwuliza. Niliwaza, atajulikanaje, yeye anauza samaki.

Siku ya kufunga

Siku ya mwisho karatasi bora tatu zilisomwa hadharani, na yangu ilikuwa mojawapo. Wageni wa heshima walikuwa wale wanawake waliotupokea, pamoja na jamaa zao waliotaka kuja. Walikaa mistari ya mbele, wamevaa mishanana yao mizuri iliyofungwa begani, kila mmoja na chupa ya soda. Konsolata alikuwa mstari wa pili. Spesioza alikuwa nyuma yake. Nilipowaona nilifurahi, mnaamini? Niliwapungia mkono.

Nilisoma kwa Kiswahili na Assumpta akatafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kinyarwanda. Nyanya zikapita. Kambi ikapita. Nilipofika kwenye bibi na paji la uso, Assumpta hakutafsiri. Aliinamisha kichwa karibu nami akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Hili nalo nitafsiri? Una hakika?"

Hakumjua bibi wa Rugerero, alihisi tu. Na mimi nilidhani limemgusa, nikadhani ni uzuri wa maandishi yangu. Nikamwambia, "Tafsiri."

Akatafsiri. Mimi nilizoea kwetu, habari ikiwachoma watu wanaguna, wanageuka, wanamtafuta anayesemwa. Pale hakuna aliyegeuka. Wanawake wote wa Rubona walitazama mbele, shingo zimenyooka, kama wanapigwa picha. Niliona ni heshima. Konsolata alikuwa ameshika soda yake magotini na hakuinywa wala kuiweka chini. Nikasoma mpaka mwisho. Walipiga makofi, yale ya adabu, na walipomaliza Spesioza aliinuka, akatengeneza nguo begani, akatoka peke yake. Profesa Adjara akanikumbatia. Ni Assumpta aliyenivuta pembeni baadaye na kuniambia kwamba mwanamke mmoja mlangoni amemuuliza kwa nini yule dada wa Tanzania amewaita samaki nyanya.

Rugerero mara ya pili

Asubuhi iliyofuata mimi na Assumpta tulipanda pikipiki, kila mmoja na yake. Tulikuta ukoo umekaa. Godoro la Konsolata lilikuwa nje limekunjwa, na mabeseni yake yamepangwa moja ndani ya jingine kwa ustadi. Hakuna aliyekuwa anagombana. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alitupatia viti, akaleta bia ya ndizi, akaonja yeye kwanza mbele yetu kama ilivyo desturi ili mgeni aone haina kitu, kisha akanikabidhi. Akasema hapa hafukuzwi mtu. Walikuwa wanamwomba tu mama huyu arudi kwa watu wake pamoja na mtoto wake, kwa sababu ardhi ni ya wana wa marehemu, na marehemu, inaonekana, hakuacha mwana.

Konsolata alikuwa amesimama kwenye kizingiti na Aline amejificha kwenye kitenge chake. Nikasimama mimi. Nikasema, na Assumpta akatafsiri, kwamba hadithi ile haikuwa ya Konsolata. Nilisema ni ya mama mwingine, wa Kibuye, muuza nyanya, nilisimuliwa na mwanafunzi mwenzangu. Nilitaja hata rangi ya nyumba yake. Nilidanganya vizuri kuliko nilivyopata kudanganya maishani, na shemeji mtu nilimwona anaanza kulegea, anamtazama Spesioza. Alitaka kuniamini. Nadhani wote walitaka.

Bibi kizee alikuwa amekaa amegeuzia mlango mgongo. Bila kugeuka akasema neno, na Assumpta akakawia kulitafsiri.

"Anasema Spesioza amemwambia jana ulisoma kwamba una mtoto kaburini. Anasema umwapie huyo. Ukimwapia mtoto wako kwamba Aline ni damu ya mwanawe, yeye ataamini na hakuna atakayesema tena."

Nilifungua mdomo. Nawaapia ninyi, nilikuwa tayari kabisa kusema. Ni maneno tu, nilijiambia, na Baraka hayasikii. Nikamwona Baraka na kile kikofia cha manjano alichokifuma Rehema, na ulimi ukagoma. Nilisimama pale na bia ya watu mkononi, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndilo jibu. Bibi aliinama akaanza kulia kama mtu aliyepewa habari za msiba leo. Alikuwa anamlia mwanawe upya, Assumpta aliniambia, alikuwa anasema amekufa mara ya pili na safari hii amekufa mzima, hakikubaki hata kipande. Aline aliposikia bibi yake analia alitoka kwenye kitenge akamwendea, kama alivyozoea. Bibi hakumsukuma. Alimwekea mkono kichwani, kisha akauondoa.

Mpaka mdogo

Konsolata aliamua kwenda kwa dada yake Goma. Sikuombwa kusaidia, lakini nilibeba mabeseni na hakunikataza. Assumpta alijitwika godoro. Tulishuka kwa miguu hadi mpaka mdogo, ule wanaopita wachuuzi kila siku na mizigo yao kichwani. Wauza samaki wa Rubona tulipishana nao njiani. Walimsalimia Konsolata kama kawaida, walimwulizia mtoto kama kawaida. Mimi pia walinisalimia. Ningeshukuru kama mmoja angenitukana.

Tulikaa muda mrefu foleni, jua likitupiga. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima na yote yaliyeyuka, nikabaki na "nisamehe" moja nikiirudiarudia kama kasuku. Konsolata alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakukasirika. Alifunga vizuri kona ya kitenge chake, akaniambia:

"We ulinipa mambo ya mutoto wako, mi nikakupa ya wangu. Ya kwako mi sikuipeleka fasi yoyote."

Akachukua mabeseni mikononi mwangu. Akavuka. Nilimwona hadi upande wa pili, anamwinamia Aline kumfunga kiatu, halafu wachuuzi wa matunda wakanizibia na sikumwona tena.

Kurudi

Njia ya kurudi sina cha kuwaambia. Hakukuwa na askari wala springi, na treni ilifika kwa saa yake. Kama kulikuwa na chakula nilikula. Profesa Adjara ameniandikia kwamba wanataka kuichapisha ile karatasi katika kitabu cha shule ya kiangazi, na barua yake imekaa juu ya kabati mwezi wa pili huu. Nilimpigia simu Assumpta kutoka posta. Alisema amekwenda Goma mara mbili na mtaa ule wa dada hakuna anayemjua Konsolata, au wanamjua na hawasemi. Shamba lote wamelilima viazi, pamoja na kile kipande chake.

Kuna jambo pale mpakani nimeliruka makusudi. Lilitokea kwenye foleni, Konsolata akiwa mbele anaongea na askari, na Aline amebaki kwangu ameshika mkoba wangu. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha mama yake. Aliniuliza yule mama wa kwanza, wa pembeni ya barabara, anaitwa nani. Nikamwambia sijui. Akasema lakini watu wanasema wewe ndiye uliyemwandika. Nikamwambia ndiyo, niliandika, ila jina lake silijui, hakuna anayelijua. Akafikiri kwa uso ule wa utulivu wa watoto wakiwa wanahesabu, halafu akaniuliza:

"Sasa uliandika nani?"